"Hujambo?": Jirani na Afya ya Mtu Mzima



Ndugu viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo,

Tumeombwa kuzungumza juu ya afya, na huenda mmetarajia tuanze na zahanati, dawa na maji safi. Hayo ni madai ya haki, nasi hatutayasahau. Lakini leo tuanze na salamu yetu wenyewe. Tukikutana njiani twaulizana, "Hujambo?", yaani, je, huna jambo linalokusumbua? Aliyeulizwa hujibu, "Sijambo," hata kama hakulala usiku kucha. Hilo ni jibu la adabu. Jibu la kweli humpa yule anayeketi.

Wataalamu wa afya nao wana swali linalofanana na salamu hiyo. Humwuliza mtu mzima: wewe mwenyewe unaionaje afya yako, ni njema, ya wastani, au mbaya? Swali laonekana dogo mno. Hata hivyo, mwaka 1997 watafiti wawili walilinganisha tafiti 27. Karibu katika zote, walioiona afya yao kuwa mbaya walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hata baada ya maradhi yao kuzingatiwa. Basi, neno la mtu juu ya hali yake si la kupuuzwa.

Je, mtu huipima hali yake kwa kipimo gani? Hapana shaka, kwa maumivu na nguvu za mwili. Lakini huipima pia kwa kujua kama yupo atakayemchotea maji siku asiyoweza kuinuka. Huko Alameda, California, nchini Marekani, watu wazima karibu 7,000 waliulizwa mwaka 1965 juu ya ndoa, ndugu, marafiki, kanisa na vyama vyao, kisha wakafuatiliwa kwa miaka tisa. Wanaume waliokuwa na mahusiano machache kabisa walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wenye mengi; wanawake, karibu mara tatu. Mtu aweza kusema kwamba mgonjwa ndiye hujitenga. Hutokea, lakini tofauti ilibaki hata ilipozingatiwa afya waliyoanza nayo, kipato, sigara na pombe.

Wengine watasema: hayo ni ya Wazungu, sisi tuna ujamaa. Tusijidanganye. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi za kipato cha chini, watu wapatao 24 kati ya 100 husema wana upweke. Katika nchi tajiri ni kama 11. Umaskini humtenga mtu. Asiye na nauli haendi msibani, na asiye na mchango huona haya kuketi na wenziwe.

Hapa tukiri kosa letu. Katika parokia mojawapo tuliyotumikia, mzee mmoja aliacha kuja katika jumuiya. Tukadhani amelegea katika imani; jina lake lilikuwa katika orodha ya wanaodaiwa michango. Miezi ilipita ndipo tukamtembelea. Dawa zake za shinikizo la damu zilikuwa zimekwisha, naye aliona aibu kumtuma mtu. Tulipomwuliza hali, alisema, "Baba, mwili si mbaya sana. Ila sina watu." Tulikuwa tumemdai fedha, kumbe sisi ndio tuliokuwa na deni kwake.

Hatusemi kwamba jirani ni dawa. Shinikizo la damu latibiwa kwa dawa. Lakini jirani hukumbusha, husindikiza hadi zahanati, na dawa zisipokuwapo husimama katika mkutano wa kijiji kuuliza kwa nini. Vilevile ujirani waweza kuumiza. Marafiki wa Ayubu walifanya vema walipoketi naye kimya siku saba. Walimjeruhi walipoanza kumtafutia hatia. Nasi twafanya vivyo hivyo tunapomsengenya mwenye ugonjwa wa aibu, au kumwita mjane mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizi kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976. Zisiwe vituo vya kukusanyia michango tu. Kumtembelea aliye peke yake ni haki yake, wala si fadhila yetu. Basi, wiki hii kila jumuiya isome orodha yake, itafute jina lisiloonekana siku nyingi, na wawili waende bila daftari la michango. Wakifika, waulize "Hujambo?", kisha waketi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni nani katika jumuiya yetu hajaonekana mwezi huu, na tumedhani nini juu yake?
2. Utaratibu wetu wa michango humsaidiaje, au humzuiaje, asiye na kitu?
3. Ni kero gani ya afya tutakayoipeleka pamoja mbele ya viongozi wa kijiji au mtaa?