Kikundi Kinapogawanyika kwa Jambo la Dhamiri

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeambiwa nizungumze kidogo kisha tunywe chai, kwa hivyo sitazunguka sana.

Nianze na jambo ambalo baadhi yenu mnalijua. Kikundi kimoja, sitakitaja jina, kilikuwa na mfuko wa matibabu. Kila mwanachama alitoa shilingi 50 kwa wiki. Usiku mmoja binti ya mwanachama alirudi nyumbani akivuja damu nyingi. Alikuwa ametolewa mimba kwa siri. Mama yake akakimbia kwa mweka hazina kuomba pesa za gari na za hospitali. Mweka hazina akaita kamati, na kamati ikagawanyika pale pale. Wengine walisema, "Pesa zetu zikiingia hapa, na sisi tumeshiriki." Wengine wakasema, "Mtoto anakufa, nyinyi mnahesabu dhambi!" Wakiwa bado wanabishana, jirani mmoja ambaye hata si mwanachama alitoa pesa zake mwenyewe, msichana akapelekwa. Alipona, tunashukuru. Lakini kikundi hakikupona. Leo ni vikundi viwili, na mfuko wa matibabu haupo katika kimoja wala katika kingine.

Ndugu zangu, wale waliogawanyika hawakuwa watu wabaya. Mtu akiiba pesa za kikundi, kazi ni rahisi: mnamtoa, mnafunga mlango. Lakini watu wema wakigawanyika kwa sababu ya dhamiri, mtamtoa nani?

Leo nataka tuangalie chama kikubwa kilichopata taabu hiyo hiyo. Nitawapeleka Marekani kwa muda mfupi. Si kwamba wao ni walimu wetu. Ni kwa sababu kule maneno yaliandikwa na kura zikahesabiwa, na hakuna mtu hapa atakayefikiri ninamsema yeye.

CHAMA KIMOJA, MFUKO MMOJA

Mwaka wa 2009 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliingia ikulu ya Marekani akiwa ameahidi kurekebisha mambo ya matibabu. Nchi ile ni tajiri, lakini watu zaidi ya milioni 45 hawakuwa na bima ya afya. Kampuni ya bima ingeweza kumkataa mtu kwa sababu tayari ni mgonjwa. Chama chake, Democratic, kilikuwa na wingi wa viti katika nyumba zote mbili za bunge lao: Baraza la Wawakilishi na Seneti. Mtu angedhani kazi itakwisha kwa wiki moja.

Haikuwa hivyo. Wapinzani wao, chama cha Republican, walikataa mswada karibu wote kwa pamoja. Kwa hivyo chama cha Obama kilihitaji karibu kila mtu wake. Na ndani ya chama kulikuwa na jambo moja lililowagawa tangu zamani: kutoa mimba.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mwaka wa 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kutoa mimba. Mwaka wa 1976 bunge likaweka sharti, linaloitwa kwa jina la mbunge Henry Hyde, kwamba pesa za serikali za matibabu ya maskini zisilipie kutoa mimba, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Tangu 1993 walioshikwa kwa nguvu, na waliopata mimba kwa mtu wa jamaa yao wa karibu, waliingizwa pia. Kwa hivyo kulikuwa na mapatano ya namna fulani: haki ipo, lakini si kwa pesa za umma. Kila upande ulinung'unika, lakini uliishi nayo.

Sasa sheria mpya ingefanya nini? Serikali ingewasaidia watu wa mapato ya kadiri kulipia bima za kampuni binafsi. Na bima nyingi za kampuni zilikuwa zinalipia kutoa mimba. Hapo ndipo mapatano ya zamani yalipopasuka.

Ngoja niliweke kwa mfano. Kikundi kinampa Mama Fulani shilingi 100 za msaada. Yeye ana 50 zake. Zote anazitia katika kibeti kimoja, anaenda dukani, ananunua chumvi na ugoro. Je, kikundi kimenunua ugoro? Mmoja wenu atasema hapana, ugoro ameununua kwa 50 yake. Mwingine atasema, bila ile 100 yetu asingebaki na 50 ya ugoro. Mnacheka, lakini wote wawili wana hoja. Bunge la Marekani lilibishana juu ya kibeti hicho kwa miezi mingi.

WALIVYOSEMA PANDE ZOTE MBILI

Upande mmoja aliongoza Bart Stupak, mbunge wa Democratic kutoka sehemu za kaskazini za Michigan, Mkatoliki, zamani askari polisi. Alitaka bima kwa wote, na alikuwa ameitaka kwa miaka mingi. Lakini alisema: bima yoyote iliyonunuliwa kwa msaada wa serikali isilipie kutoa mimba kabisa. Mwanamke akitaka bima ya namna hiyo, ainunue kando kwa pesa zake. Kwake yeye mimba ni uhai wa mtu, na mlipa kodi asilazimishwe kuchangia kuuondoa.

Upande wa pili walikuwemo wabunge kama Diana DeGette wa Colorado. Walisema: mwanamke anayelipa sehemu kubwa ya bima yake kwa jasho lake atanyang'anywa kitu alichokuwa nacho. Tena, nani ananunua mapema bima ya kando kwa ajili ya mimba itakayoharibika? Hakuna mtu anayepanga balaa. Kwao hiyo ilikuwa ni kumwadhibu mwanamke kwa kuwa hana pesa za kutosha.

Naomba mtambue: hawa wote ni chama kimoja, wanakula meza moja, wanataka mgonjwa atibiwe.

KURA ZILIVYOKWENDA

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba 2009, Spika Nancy Pelosi, naye Mkatoliki, alihesabu kura zake akaona hazitoshi. Yeye mwenyewe hakupenda pendekezo la Stupak. Lakini alikubali lipigiwe kura. Likapita kwa kura 240 kwa 194, na wabunge 64 wa Democratic waliliunga mkono. Kisha mswada wenyewe ukapita kwa 220 kwa 215. Kura tano tu! Wanawake wengi wa chama walitoka usiku ule wakiwa na uchungu, na wabunge wapatao 40 waliandika kwamba hawataukubali mswada wa mwisho wenye maneno yale.

Huko Seneti maneno kama yale yalikataliwa mwezi wa Desemba. Lakini chama kilihitaji kura 60, na Seneta Ben Nelson wa Nebraska alikuwa na msimamo karibu na wa Stupak. Wakatafuta njia ya katikati: bima inaweza kulipia kutoa mimba, lakini mteja alipe malipo mawili tofauti, na pesa hizo ziwekwe mbali na za serikali. Tena kila jimbo liruhusiwe kupiga marufuku bima hiyo katika soko lake jipya la bima. Yaani vibeti viwili. Ukapita tarehe 24 Desemba, kura 60 kwa 39.

Januari 2010 chama kikapoteza kiti cha Massachusetts, kilichoachwa na marehemu Seneta Edward Kennedy. Kura 60 hazikuwepo tena. Ikabidi Baraza la Wawakilishi liukubali mswada wa Seneti ulivyo, au mambo yote yaanguke. Hata kanisa liligawanyika: maaskofu Wakatoliki wa Marekani walisema vibeti viwili havitoshi, shirika la hospitali za Kikatoliki, likiongozwa na Sista Carol Keehan, likasema mswada upite.

Tarehe 21 Machi, siku ya Jumapili, zilihitajika kura 216. Stupak na wachache wenzake walikuwa bado wanakataa. Mchana ule wakapatana: Rais angetia sahihi amri ya kuthibitisha kwamba lile sharti la zamani litafuatwa na katika sheria mpya. Mswada ukapita, 219 kwa 212. Wabunge 34 wa Democratic waliupinga, kila mmoja kwa sababu zake.

Baada ya kura hiyo Republican walileta hoja ya kurudisha maneno ya Stupak mwenyewe katika mswada wa marekebisho ulioambatana nao, wakijua yatauangusha. Stupak akasimama kuipinga. Fikiria: mtu anapinga maneno yake mwenyewe ili kitu kikubwa zaidi kisife. Mbunge mmoja akapiga kelele, "Muuaji wa watoto!" Baadaye aliomba radhi, akasema alikuwa anasema mapatano na si mtu. Lakini neno likishatoka halirudi.

GHARAMA YAKE

Siwadanganyi kwamba mwisho ulikuwa mtamu. Stupak alitukanwa na pande zote, na wiki chache baadaye akatangaza hatagombea tena. Novemba 2010 chama chake kilipoteza viti 63, na wengi wa wale waliosimama katikati walikwenda navyo. Dan Lipinski wa Illinois, aliyekataa kupiga kura ya ndiyo siku ile, alikuja kukataliwa na wapiga kura wa chama chake katika mchujo wa 2020. Siku hizi wabunge wa Democratic wanaopinga kutoa mimba wamebaki wachache sana.

Lakini sheria ilisimama. Mgonjwa hakataliwi bima tena kwa sababu ya ugonjwa wake, na kijana anaweza kubaki katika bima ya mzazi hadi afikishe miaka 26. Mwaka wa 2017 walijaribu kuivunja, wakashindwa katika Seneti kwa kura 49 kwa 51. Ule uamuzi wa 1973 ndio ulioanguka: Mahakama ya Juu iliufuta Juni 2022, na sasa kila jimbo linaamua lenyewe. Ubishi haujaisha. Lakini hospitalini wagonjwa wanatibiwa huku ubishi ukiendelea.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, amueni mapema. Wale wa Marekani walibishana mwaka mzima, lakini walibishana mchana, karatasi zikiwa mezani. Kikundi kile cha kwetu kilibishana usiku, msichana akivuja damu. Katiba ya kikundi isipoandika mfuko unalipia nini, siku ya shida ndiyo itakayoandika.

Pili, tenganisheni mnachokubaliana wote na msichokubaliana. Mfuko wa wote ufanye kazi ya wote. Likiwepo jambo ambalo dhamiri ya mwenzenu inakataa, wenye kupenda wachange kando. Si dawa ya kila kitu, lakini linazuia mtu kulazimishwa.

Tatu, mwenye kiti asiogope kura. Pelosi aliruhusu kura ambayo alijua atashindwa. Mtu akisikizwa na kuhesabiwa, anaweza kubaki hata akishindwa. Mtu akinyamazishwa, anaondoka na viti.

Nne, pingeni neno, msimpake mtu matope. Ukimwita mwanachama mwenzako muuaji, au ukimwita mjinga wa dini, kesho utamwomba vipi mchango?

Tano, na hili ni zito. Mwaka huo huo wa 2010, tarehe 4 Agosti, sisi pia tulipiga kura ya katiba. Makanisa mengi yaliipinga, sababu moja ikiwa maneno juu ya kutoa mimba katika kifungu cha 26. Wakenya kama thuluthi mbili wakasema ndiyo. Kifungu hicho kinakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama ipo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Mnaweza kuendelea kubishana juu ya hayo. Lakini kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema atibiwe mwema tu. Mtu anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza. Kamati ikae kesho yake.

Yule msichana hakuwa hoja ya kupigiwa kura. Alikuwa mtoto wa mwanachama, na gari lilikuwa linangoja.

Nimemaliza. Chai isipoe. Lakini mkirudi kwenu, zungumzeni haya:

1. Mfuko wa kikundi chetu unalipia nini, na haulipii nini? Imeandikwa wapi?

2. Ni jambo gani ambalo tunajua litatugawa, na tumekuwa tukilikwepa?

3. Shida ikija usiku, nani ana ruhusa ya kutoa pesa bila kungoja kamati? Ni kiasi gani?

4. Katika kikundi chetu, aliyeshindwa kwa kura anatendewaje baada ya mkutano?