RATIBA YA GARIMOSHI NI HAKI YA MWANANCHI
Hotuba kwa waumini na wanaharakati, Soy



Tumekusanyika hapa Soy, kwenye reli iliyofika Kitale mwaka wa 1926. Reli hii huachana na njia kuu ya Uganda pale Leseru, ikapita hapa petu kuelekea Moi's Bridge. Ilijengwa ili ibebe mahindi na ngano ya masetla. Hakuna aliyemwuliza kibarua angependa kusafiri saa ngapi. Kasoro hiyo haijatutoka: ratiba hupangwa na wachache, nao wengi huambiwa wangoje.

Kila alfajiri wenzetu husimama barabarani wakingoja matatu za kwenda Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Mfanyakazi akichelewa hukatwa ujira. Mgonjwa akichelewa hupoteza nafasi yake katika foleni ya hospitali. Wale wanawali watano wa Injili walifungiwa mlango kwa uzembe wao wenyewe. Lakini huyu wetu aliamka saa kumi usiku. Uzembe ni wa nani?

Tuitazame Nairobi, ambako treni za abiria wa mjini zipo. Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na mwaka wa 2020 serikali ikaanza kuleta treni za dizeli zilizokwisha kutumika Uhispania. Hayo ni mema, ila stesheni nzuri na behewa safi havitoshi. Palipo na njia moja tu, treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana ila penye njia ya pili ya kupishania. Moja ikichelewa dakika kumi, nyingine hungoja, na ya tatu huingojea hiyo ya pili. Basi atakaye treni zaidi asubuhi na jioni hana budi kudai njia za kupishania, ishara zinazofanya kazi, na uamuzi kwamba saa hizo mzigo umpishe abiria. Saruji yaweza kungoja hadi saa nne, mwalimu hawezi.

Sisi wa Soy tufanye nini? Kwanza, tujue mlango wa kubisha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka reli mikononi mwa serikali ya kitaifa, na usafiri wa umma wa barabarani mikononi mwa kaunti. Tusimlaumu mwakilishi wa wadi kwa jambo lisilo lake, wala tusimwache alale kwa lililo lake.

Pili, tutumie Kifungu cha 35 kuliuliza Shirika la Reli, kwa maandishi: ni nini kinachohitajika ili treni ya abiria itoke Kitale alfajiri na kurudi jioni, na gharama yake ni kiasi gani? Tatu, tupeleke ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119. Nne, tuiombe kaunti ipange matatu zikutane na treni hiyo stesheni, maana treni inayomshusha abiria mbali na kazi yake haijamfikisha.

Lakini ombi bila hesabu ni manung'uniko. Kwa hiyo kila kanisa liteue vijana wawili wenye daftari. Kwa juma moja, wawahesabu wanaongoja usafiri tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi tumpelekee hesabu ya wenye njaa.

Ndugu zetu, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, hakungoja ruhusa ili aseme kweli. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na vyama vingi vikarudi. Hatukupigania vyama vingi ili tupate rangi nyingi za bendera tu. Tulivipigania ili mtawala amwulize mtawaliwa, hata juu ya jambo dogo kama saa ya kuondoka kwa treni.

Mungu aibariki Kenya.