Kabla ya Kununua SSD ya Kompyuta ya Zamani



Kompyuta ya mwaka wa 2012 inayochukua dakika kadhaa kuwaka si lazima iwe imefika mwisho. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski yake, ile yenye sahani zinazozunguka. SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo husoma faili haraka zaidi. Hata hivyo, kuna mkazi anayetoa pesa za karo kununua SSD, akifika nyumbani anakuta haiingii, au imeingia lakini kompyuta haiioni. Diski ni nzima na kompyuta ni nzima, ila haziendani.

Dukani kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5. Hii hukaa palepale diski ya kipakatalishi ilipokuwa. Kompyuta yenye SATA ya kizazi cha pili pia huikubali, ingawa kasi haitapita megabaiti 300 kwa sekunde. Hata kwa kasi hiyo, mwenye kompyuta ataona tofauti kubwa.

Ya pili ni NVMe, kijibao chembamba kinachochomekwa kwenye tundu la M.2. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kuna SSD za M.2 ambazo ni za SATA, na kuna matundu ya M.2 yasiyokubali NVMe. Umbo peke yake halitoshi kuamulia.

Kompyuta ya mezani isiyo na tundu hilo inaweza kuwekewa adapta kwenye nafasi ya PCIe. Lakini BIOS nyingi za zamani haziijui NVMe. Diski itahifadhi faili, ila kompyuta haitaweza kuwaka kutoka kwayo. Anayetumia Linux ana njia: sehemu ya kuwasha hubaki kwenye diski ya SATA, na mfumo uliosalia hukaa kwenye NVMe. Kwa wengi, SATA ndiyo nafuu ya fedha na ya kichwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike modeli ya kompyuta, asome mwongozo wake kuhusu diski inazokubali, na amwulize muuzaji kama atapokea diski ikirudishwa.

Kabla ya kufungua kompyuta, nakala ya picha, vyeti na hesabu za biashara iwekwe kwenye diski ya nje, kisha ifunguliwe kuhakikisha inasomeka. Umeme uchomolewe, na betri itolewe ikiwa inatoka.

Diski ya zamani nayo isitupwe wala kuuzwa ikiwa na nakala za vitambulisho. Kubonyeza kitufe cha kufuta faili hakutoshi. Fundi aifute diski yote mwenyewe akishuhudia.