Bangili ya Mtoto Inamtumikia Nani?



Nimeombwa nizungumzie vifaa vinavyovaliwa mwilini na watoto wenye usonji, na wengine ambao ubongo wao hupokea sauti, mwanga na mguso kwa namna isiyo ya wengi wetu. Viko vizibao vyenye uzito, bangili zinazotetema, na mikanda ya mkononi inayopima jasho na mapigo ya moyo. Husemwa kwamba vifaa hivi humwezesha mtoto kuitambua hali yake kabla haijamshinda, akajituliza mwenyewe. Katika biashara ya vifaa hivi neno "kujituliza" hutajwa sana, na neno "mwenyewe" husahauliwa upesi. Mimi nataka tulishike hilo la pili.

Walimu mnaifahamu hali ninayoisema. Mvua inapopiga juu ya bati, darasa zima hungoja ipungue ili somo liendelee. Lakini yuko mtoto mmoja anayeziba masikio, anayepiga mayowe, pengine anayempiga jirani yake. Tumezoea kumwita mtundu, na mara nyingi fimbo imekuwa ndiyo jibu letu. Kumbe mtoto yule hakukataa kutulia. Sauti ile imemjaa mwilini kuliko anavyoweza kuichukua.

Fikra ya kumtuliza mtu wa namna hiyo kwa kifaa haikuanza na wahandisi wa kompyuta. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alikuwa msichana wa shule katika miaka ya 1960 alipokwenda kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona. Huko aliona ng'ombe wakibanwa ubavuni ili wachanjwe, na baadhi yao wakitulia. Yeye alitamani kukumbatiwa, lakini mikono ya watu ilimzidi nguvu. Basi akajitengenezea mashine ya mbao ya kumbana mwili. Wakubwa waliitilia shaka wakataka aiache. Mwalimu wake wa sayansi ndiye aliyemhimiza atafute, kwa njia ya kisayansi, kwa nini mbano ule unamtuliza. Mwaka 1992 Grandin alichapisha makala ya kitaalamu juu ya jambo hilo hilo. Zingatieni, ndugu zangu, kwamba mpini wa mashine ile aliushika yeye. Yeye ndiye aliyeamua ibane kiasi gani na iache lini.

Juu ya vizibao vyenye uzito sitakawia. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza kwamba utafiti kuhusu tiba za namna hii ni mchache na haujafikia uamuzi. Mtoto akikipenda, akivae. Asiyekipenda asilazimishwe, na mtu asituuzie kizibao kama dawa. Isitoshe, fundi cherehani yeyote anaweza kukishona kwa kitambaa na mchanga, wala hatuna haja ya kukiagiza kwa fedha za kigeni.

Mkanda wa mkononi ni jambo lenye uzito zaidi. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, mjini Cambridge, Profesa Rosalind Picard na wenzake walitengeneza mikanda inayopima namna ngozi inavyopitisha umeme. Mtu akifadhaika, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za jasho hata kabla jasho halijaonekana, na hapo ngozi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba mtoto aliyenyamaza na kuinamisha kichwa, ambaye mwalimu angeandika kuwa ametulia au ni mvivu, huenda ndani yake anawaka moto. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 20 wenye usonji waliovaa mkanda wa aina hiyo. Kompyuta iliweza kuashiria, dakika moja kabla, kwamba mtoto anakaribia kumshambulia mtu. Haikupatia kila mara, na ilipatia vizuri zaidi ilipojifunza mwili wa mtoto mmoja mmoja.

Dakika moja ni muda mrefu kwa mwalimu mwenye busara. Lakini dakika hiyo anapewa nani? Akipewa mtoto, kwa mtetemo mdogo mkononi, anaweza kutoka nje, au kuziba masikio, au kuomba msaada. Akipewa msimamizi peke yake, kwenye kioo cha ofisini, mkanda ule ule umekuwa mlinzi wa gereza.

Wala sisemi hivi kwa kubahatisha. Katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, mjini Canton, imekuwapo kwa miongo kadhaa shule ya bweni iitwayo Judge Rotenberg Educational Center. Huko baadhi ya wanafunzi walivalishwa kifaa chenye nyaya kinachopiga ngozi kwa umeme, na kitufe kikashikwa na mfanyakazi. Nacho kilielezwa kuwa ni cha kumsaidia mwanafunzi aitawale tabia yake. Mwaka 2013 Juan Méndez, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, alikilaani. Machi 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikipiga marufuku; Julai 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo; Desemba 2022 Bunge la nchi hiyo likarekebisha sheria; na Machi 2024 Mamlaka ikapendekeza upya kukipiga marufuku. Muda wote huo watu wazima walikuwa wakibishana juu ya ngozi ya mtu mwingine.

Vifaa hivi vitatufikia, vingine kama msaada, vingine kwa zabuni. Ndugu watumishi mnaoandaa masharti ya ununuzi, andikeni mapema: ishara imfikie mtoto kwanza, mtoto aweze kukivua bila kuadhibiwa, na takwimu za mwili wake zisiondoke shuleni bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatupa pa kuanzia.

Na nyinyi walimu, msingoje mkanda. Mpeni mtoto huyo kiti kilicho mbali na barabara. Mpeni kadi ndogo ambayo akiiweka juu ya dawati, anaruhusiwa kutoka kwenda chini ya mwembe bila kuulizwa neno, na kurudi atakapokuwa tayari. Mkuu wa shule aarifiwe, ili mwalimu wa zamu asimrudishe darasani kwa kiboko.