Chafkata Butu Ndiyo Hula Vidole

Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Angurai. Tumeombwa tuyaandike ili na wale ambao hawakuwapo wayasome.

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mkopo wala juu ya mbegu. Tumekuja kuzungumza juu ya nafasi ndogo iliyo kati ya kisu na mdomo wa mashine ya kukatia nyasi, ile tunayoiita chafkata. Mtatuuliza, nafasi ndogo hivyo ina habari gani? Ina habari kubwa. Nafasi hiyo ndiyo hufanya ng'ombe ashibe au aache nusu ya chakula. Ndiyo hufanya mtu abaki na vidole vyake au avipoteze.

Ajali hutokeaje?

Wengi wetu hudhani kwamba kisu kikali ndicho cha hatari, na kisu butu hakina neno. Kwa mashine hii sivyo. Chafkata ikiwa kali na imekazwa vizuri, rola huvuta nyasi zenyewe, kisu hupita, basi. Ikiwa butu, nyasi hukunjika badala ya kukatika. Hunasa mdomoni. Mwenye kulisha hukosa subira, huanza kusukuma kwa mkono. Mwenzake anayezungusha gurudumu haoni mkono ule, yeye anaona tu kwamba kazi imekuwa nzito, basi anaongeza nguvu. Hapo rola hushika kidole na kukipeleka kwenye kisu.

Jambo hili si la Angurai peke yake. Kule kaskazini mwa India mashine hizi ni nyingi vijijini, na ajali zake zimekuwa nyingi pia, hata za watoto wanaochezea gurudumu wakati wazazi hawapo. Wahandisi wa chuo cha IIT Delhi walizitafiti ajali hizo. Walipendekeza vitu ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuvitengeneza: kinga ya kufunika visu, na pini ya kufunga gurudumu mashine isipotumika. Sisi nasi tunaweza.

Mashine hii ni mkasi

Fikirini mkasi wa mshonaji. Msumari wa katikati ukilegea, hata uunoe vipi, kitambaa kitaingia katikati na kukunjika. Mkasi hukata kwa sababu pande mbili zinapita karibu sana bila kuachana. Chafkata ni hivyo hivyo. Upande mmoja ni visu vilivyofungwa kwenye gurudumu. Upande wa pili ni chuma cha mdomo, ambacho hakiendi popote. Wale waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia huenda wameona mashine ya kufyekea nyasi inayofungwa kwenye trekta, yenye mkono mrefu na meno ya pembetatu yanayokwenda kushoto na kulia. Nayo sheria yake ni hiyo hiyo: jino linalotembea lazima lilale karibu na chuma kilichotulia. Likiinuka kidogo tu, nyasi hulala badala ya kukatika.

Wenye mashamba ya vuta-sukuma wataona jambo hili mapema zaidi. Bua la nepia ni nene, huweza kuvunjika hata kwa kisu kibaya. Lakini desmodiamu ina nyuzi nyembamba. Nafasi ikiwa kubwa, nyuzi zile huingia kati ya kisu na mdomo, zikajisokota hapo.

Hatua za kazi

Tafadhali fuateni mpango huu bila kuruka hatua, maana ukianza na ya mwisho utairudia kazi.

Kwanza, fungeni gurudumu. Pitisheni kipande cha mti mgumu kati ya mikono ya gurudumu, au lifungeni kwa kamba kwenye fremu. Kama mashine ni ya injini, toeni mkanda, na waya ya plagi nayo itolewe. Kama ni ya umeme, ng'oeni waya ukutani. Usimwambie mtoto, "Nishikie gurudumu." Mtoto husahau.

Pili, angalieni kama gurudumu linacheza. Lishikeni ukingoni, mbali na visu, mlivute na kulisukuma kuelekea mdomo. Likienda huku na huku, basi bushi au beringi zimelika. Zitengenezeni hizo kwanza. Ukikaza visu wakati ekseli inacheza, leo nafasi itakuwa sawa, na kesho kisu kitagonga mdomo.

Tatu, toeni visu na kuvinoa. Wekeni alama ili kila kisu kirudi mahali pake. Kisu hiki kina upande bapa na upande ulioteremka. Noeni ule ulioteremka tu, kwa mteremko ule ule aliouweka aliyekitengeneza. Sukumeni tupa kwa upande mmoja, msiikwaruze kwenda na kurudi. Halafu laza upande bapa juu ya kinoo, upitishe mara chache kuondoa ncha zilizopinda. Ukinoa upande bapa hadi uteremke, umeharibu mkasi. Kwa jiwe la umeme, noeni kidogo kidogo mkichovya kisu majini. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha mahali pale. Noeni visu vyote kwa kiasi kimoja, ili gurudumu lisiwe zito upande mmoja likatikisa mashine nzima.

Nne, tazameni mdomo. Nao huchakaa, kona yake ikawa mviringo. Pigeni tupa hadi kona iwe kali tena, au badilisheni kile chuma.

Tano, rudisheni visu na kurekebisha nafasi. Upande bapa utazame mdomo. Kazeni boliti kiasi tu, halafu tumieni skrubu za kurekebishia kukisogeza kisu hadi kipite karibu kabisa bila kugusa. Nafasi ya unene wa karatasi inatosha. Fungueni gurudumu, lizungusheni polepole kwa mkono, mpitishe kisu kutoka mwanzo wa mdomo hadi mwisho. Mkisikia chuma kinakwaruza, kirudisheni nyuma kidogo. Kila kisu kirekebishwe peke yake. Fungeni gurudumu tena, mkaze boliti zote kabisa.

Sita, jaribuni kwa karatasi. Lazeni kipande cha gazeti kwenye mfereji wa kulishia, upana sawa na mdomo, mikono yote itoke, mwenzenu azungushe polepole. Karatasi ikikatika safi pande zote, kazi imekwisha. Ikikatika upande mmoja na kukunjika upande mwingine, kisu kimekaa mshazari. Rudieni hatua ya tano.

Makatazo matatu

Msifunge kisu kwa msumari mahali pa boliti. Msichomelee kisu kilichopasuka. Kipande kikiruka kutoka kwenye gurudumu, kinaweza kuua. Pengo dogo lililoletwa na jiwe au waya huondolewa kwa tupa, lakini kisu chenye ufa hutupwa. Na mkienda Malaba kununua kipya, bebeni cha zamani, mlinganishe matundu kabla ya kulipa.

Faida iko wapi?

Nyasi zilizokatwa inchi moja hadi mbili ng'ombe huzila pamoja na bua. Zikiwa ndefu, huchagua majani na kukanyaga mabua. Na nepia si ya kutupa siku hizi. Ugonjwa wa kudumaa ulionekana Bungoma katika miaka ya 1990, ukafika Busia, na aliye nao shambani anajua mavuno yake yamepungua kiasi gani. Kukata vizuri ni kama kuongeza shamba bila kununua ardhi.

Lakini kuna jambo la mwisho, nalo ni la kikundi. Mashine ya wote mara nyingi haina mwenyewe. Kila mmoja hukata nyasi zake na kuondoka, na ikiharibika wanaanza kuulizana nani aliitumia jana. Tunashauri mchague watunza mashine wawili, mwanamke na mwanamume. Wawe na spana, tupa, kinoo, grisi na boliti za akiba. Wawe na daftari la kuandika siku ya kunoa na siku ya kukaza. Tena wawe na ruhusa ya kusema, "Leo mashine haikati, hakuna atakayeitumia," hata kama anayesubiri ni mwenyekiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe hauzidi unene wa karatasi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani katika kikundi chetu anajua mashine ilinolewa lini mara ya mwisho?
2. Gurudumu letu hufungwa usiku? Kwa kitu gani?
3. Mtunza mashine akikataza kazi, je, tutamsikiliza?