Kuhesabu Wagonjwa na Kutunza Siri



Sisi makatekista tumeagizwa kusema juu ya afya. Twachagua jambo moja, yaani jinsi Ukimwi unavyohesabiwa, maana wengi huiogopa hesabu hiyo kuliko ugonjwa wenyewe.

Wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walijulikana mwaka 1983, mkoani Kagera. Kufika mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imepata wagonjwa. Hapo kwanza walihesabiwa wale tu waliofika hospitali wakiwa hoi. Hesabu hiyo huchelewa, kwa kuwa virusi hukaa mwilini miaka mingi kabla ya ugonjwa kuonekana. Ni kama mchungaji ahesabuye mizoga ili ajue hali ya kundi.

Basi waganga wakatafuta njia nyingine. Katika kliniki zilizochaguliwa, damu ya mama wajawazito iliyokwisha kutolewa kwa kupimwa kaswende iliondolewa jina, kisha ikapimwa virusi. Wakajua ni wangapi, wasijue ni nani. Lakini wajawazito si watu wote. Kwa hiyo vijiji na nyumba zikachaguliwa kwa kura, wakapimwa walioridhia. Hesabu ya mwaka 2003 na 2004 ilionyesha kwamba Bara, katika kila watu 100 wa miaka 15 hadi 49, watu 7 walikuwa na virusi. Ile ya 2011 na 2012 ilionyesha kadiri ya 5.

Huku kwetu kazi hiyo ni ngumu. Nyumba ya mkulima wa Karatu yaonekana mahali pake. Mfugaji wa Ngorongoro huhama na mifugo, na boma lililoandikwa leo huwa tupu kiangazi. Tena wapo wazee wasiopenda watoto wala ng'ombe wahesabiwe. Twawajibu: mchungaji wa Injili asingalijua kwamba kondoo mmoja amepotea, kama asingalijua idadi ya mia.

Tangu mwaka 2004 Serikali hutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, na mwenye kutibiwa hupewa kadi yenye namba. Sheria ya mwaka 2008 yaamuru majibu yake yawe siri. Lakini sheria haikai kisimani wala mnadani. Mtu akisengenywa, huenda kliniki ya mbali na kutaja jina jingine. Hapo mmoja huandikwa wawili. Au huacha dawa kabisa, naye hupotea katika daftari, na baadaye kaburini.

Kwa hiyo yatupasa sisi makatekista kuanza: tusiulize kadi ya mtu, tusihubiri habari za jirani, tusitaje tuliyemwona mlangoni pa kliniki. Mganga atunze hesabu, nasi tutunze ulimi. Hivyo hakuna atakayepotea kwa sababu yetu.

Tumsifu Yesu Kristo.