CHUMVI YA PRESHA NA SUFURIA YA WATU WENGI

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama mjini Garissa)



Twajua mmoja wenu atauliza watu wa reli wamefuata nini hapa, maana reli haijafika Garissa. Ramani ya reli ya kutoka Lamu kuingia bara imechorwa ikipita huku, na sisi twaingoja kama mnavyoingoja ninyi. Tumekuja kwa basi, kwa njia ya Thika na Mwingi. Lakini chumvi hufika kila mahali, kwa reli, kwa lori au juu ya ngamia, na habari tuliyotumwa na chama kuwaletea ni ya chumvi.

Siku hizi katika maduka makubwa iko chumvi iliyoandikwa kwamba sodiamu yake imepunguzwa. Watu wameipa jina la chumvi ya presha. Wako wanaoisifu kama dawa, na wako wanaoiogopa kama sumu. Tumewauliza wauguzi na madaktari, tukasoma yaliyoandikwa, na tumeona kwamba hao wote wana sehemu ya kweli mkononi. Hatari ni kujua sehemu moja tu.

Kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Chumvi ya kawaida, kama ile ya Gongoni na Marereni kule pwani ya Kilifi, ni sodiamu iliyoungana na klorini. Katika gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, mna gramu 2 za sodiamu. Sodiamu ikizidi mwilini huvuta maji yakabaki kwenye damu, na presha ikapanda. Katika chumvi ile nyingine, sehemu ya chumvi ya sodiamu imeondolewa na mahali pake pametiwa chumvi ya potasiamu. Basi hapa fungueni masikio: pakiti moja huwa na robo tu ya potasiamu, nyingine theluthi mbili, na ziko ambazo karibu zote ni potasiamu. Mbele ya pakiti maneno yafanana, nyuma hesabu si moja.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, hata sisi tuliosoma kwa mapadri twaiweza. Kijiko cha chumvi yenye robo kina karibu gramu 0.65 za potasiamu, ni kama kula ndizi moja na nusu za mashamba ya mto Tana. Kijiko cha ile ya theluthi mbili kina karibu gramu 1.7, na hizo ni ndizi nne. Mtu mwenye figo nzima hula ndizi nne akaenda zake kazini. Figo huchuja potasiamu iliyozidi na kuitoa kwa mkojo.

Na faida yake ni ya kweli, wala tusiifiche. Huko China vijiji 600 vilijaribiwa kwa karibu miaka mitano, watu kama 21,000, ambao walikuwa wamekwisha kupata kiharusi au walikuwa na miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye robo ya potasiamu, nusu vikaendelea na ya kawaida. Habari ilitangazwa mwaka 2021: kwa waliobadilisha chumvi, viharusi vilipungua kwa asilimia 14, na vifo kwa asilimia 12. Peru nako, katika vijiji vya Tumbes, presha ilishuka. Mwezi wa Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri kwamba watu wazima watumie chumvi ya namna hii nyumbani badala ya ile ya kawaida.

Jambo hili latuhusu sisi wa mishahara kuliko tunavyodhani. Mwaka 1969 Daktari A. G. Shaper na wenzake waliandika habari za vijana wa Kisamburu, wafugaji wa maziwa na nyama kama jirani zao wa huku, walioandikwa jeshini. Walipoingia katika posho ya jeshi yenye chumvi nyingi, presha yao ilipanda. Mwaka 1990 zikatangazwa habari za Wajaluo waliotoka mashambani kwenda kutafuta kazi Nairobi: katika muda mfupi tu presha ilikuwa juu kuliko ya wale waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi kwa kulinganisha na potasiamu. Kwa hiyo si uzee peke yake uletao presha. Kazi ya kuajiriwa, chakula cha kambi na cha hoteli huchangia. Kijana aliyekua kwa maziwa ya ngamia huko Wajir, akawa utingo wa lori, akala wali na supu ya vidonge kila usiku, amebadilisha damu yake bila kujua.

Sasa tuje kwenye upande wa pili.

Katika genge letu la kutengeneza njia alikuwako mtu wa makamo, mwenye ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Mkewe, kwa mapenzi mema, alisikia sifa za chumvi hii akainunua, na kwa kuwa haikolei kama ile ya zamani, na ina uchungu kidogo, aliongeza kijiko. Baada ya majuma machache bwana yule alianza kulegea miguu. Tulimcheka, tukasema amechoka na jua. Siku moja alikaa juu ya reli asiweze kusimama. Kliniki walipopima damu waliona potasiamu imepanda sana, na figo zake zilikuwa zimeharibika zamani kwa ule ugonjwa wa sukari, naye hakuwa na habari. Alitibiwa, akapona, yupo hai leo. Mkewe aliilaumu nafsi yake, jambo ambalo si haki, kwa sababu pakiti ile haikuwa na neno moja la onyo kwa Kiswahili, wala muuzaji hakumwambia kitu.

Hivyo ndivyo hatari ilivyo. Figo zikichoka, potasiamu hubaki katika damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Moyo waweza kusimama ghafla. Mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Wengine husikia udhaifu au ganzi, wengine hawasikii lolote. Mtu hawezi kujua figo zake kwa kujitazama katika kioo. Hujulikana kwa kupimwa damu na mkojo.

Tena ziko dawa zinazozuia potasiamu isitoke, nazo ni dawa hizi hizi tunazopewa kwa presha na moyo: enalapril, captopril, lisinopril, losartan, na zaidi ya zote spironolactone na amiloride. Hatusemi mziache. Mkiziacha presha itawaua. Twasema, mwenye kumeza dawa yo yote kati ya hizo asiguse chumvi hii kabla ya kumwuliza daktari na kupimwa damu. Ona basi jina la chumvi ya presha lilivyo baya: linamwita yule yule mwenye presha aliyekwisha kuanza dawa isiyopatana nayo.

Na sisi wa kazi ngumu tunalo letu tena. Mgongo ukiuma twanunua diclofenac au ibuprofen dukani bila cheti, twameza, tukarudi juani. Dawa hizo hubana figo, hasa mwili ukiwa umekauka maji. Fikirini mtu wa Garissa mwezi wa Februari au Machi, anatoka jasho tangu asubuhi, maji ya kunywa ni dumu moja la watu kumi, tumboni ana vidonge viwili vya maumivu. Huyo figo zake zafanya kazi kwa shida hata kama ni kijana. Ukimwongezea potasiamu wamzidishia mzigo.

Maji yenyewe pia tuyaseme. Visima vingi vya huku vina chumvi. Watu wa Wajir hawahitaji kuambiwa na mtu wa reli. Huko kwenye maji ya Merti, yapitayo chini ya Habaswein na Dadaab, katikati ni matamu na kandoni ni ya chumvi. Ikiwa kambi yenu yanywa maji ya chumvi, kubadilisha pakiti ya jikoni hakutoshi, maana sodiamu yaingia kwa kikombe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuweka maji safi ya kunywa ya kutosha, mahali ambapo wafanya kazi wanafika kwa urahisi. Dai hilo ni letu, na lisibadilishwe kwa zawadi ya katoni za chumvi mpya.

Kwa njia, wengine wametuuliza juu ya magadi ya kupikia maharagwe, ati ni afadhali kuliko chumvi. Sisi wa reli tunayajua magadi. Njia ya Konza kwenda Ziwa Magadi yabeba mzigo huo kwa zaidi ya miaka 100. Magadi nayo ni sodiamu.

Tulilolitaka hasa kwa hotuba hii ni la sufuria. Tumesikia kwamba katika kambi moja, ambayo mwenyewe hatutamtaja, mpishi ameamriwa atie chumvi ya potasiamu katika chakula cha watu wote, na watu hawakuulizwa. Labda nia ilikuwa njema. Lakini wale wa China walipofanya majaribio yao hawakumchukua mtu mwenye ugonjwa mkali wa figo, na hata kama yeye ni mzima, ikiwa yuko mtu mwingine wa nyumba yake asiyefaa kuila, nyumba hiyo waliiacha. Walijua kwamba nyumba hula chungu kimoja. Na lile shauri la Shirika la Afya Duniani ni la chumvi ya jikoni mwa mtu mwenyewe, wala halihusu vyakula vya kiwandani na vya hoteli. Limewaacha nje wenye figo mbovu, na wajawazito, na watoto. Ikiwa nyumba ya watu sita yahitaji uangalifu huo, je, sufuria ya watu 80, ambamo hakuna aliyepimwa?

Kwa hiyo neno letu kwa wawakilishi wa kila kambi ni hili: chumvi hiyo isiingie katika sufuria ya wote mpaka watu wapimwe. Mpaka hapo mpishi atumie chumvi ya kawaida yenye iodini, lakini aipunguze, na vidonge vya supu avipunguze pia. Atakaye zaidi ajitilie katika sahani yake. Wakati wa kupimwa, msisahau kwamba tangu Oktoba 2024 mnakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Nendeni mkaitumie. Hospitali kuu ya Garissa ina mashine za kusafisha damu, nasi hatutaki mzijue mashine hizo kwa kulala kando yake.

Nyumbani ni shauri jingine. Ikiwa baba na mama wamepimwa, figo ni nzima, hakuna dawa za aina tulizotaja, hakuna mja mzito wala mtoto mdogo anayekula chungu hicho, basi chumvi yenye robo ya potasiamu ni kitu kizuri, na mwenye uwezo ainunue, maana bei yake yazidi ile ya kawaida. Atazame pia kama ina iodini.

Mama zetu, bado neno moja, nalo ni la haraka. Msichanganye maji ya sukari na chumvi ya mtoto anayeharisha kwa chumvi hii. Kipindupindu kilipofika Garissa mwaka 2022 na 2023 wengi waliokolewa kwa maji ya namna hiyo. Sodiamu pamoja na sukari ndiyo hufanya tumbo lipokee maji, na potasiamu nyingi kwa mtoto aliyekauka ni hatari. Tumieni pakiti za kliniki. Zikikosekana, ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi ya kawaida, vyote vimesawazishwa, na mtoto apelekwe kliniki.

Majina ya dawa tumeyaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika mlangoni. Asiyejua kusoma alete pakiti zake hapa mezani baada ya swala, tutazisoma pamoja. Sasa maswali.